Mama Mashuka Apanda Korongo

Mama Mashuka hakuzaliwa na jina hilo, lakini pale hospitali hakuna aliyekumbuka lingine. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha kufulia, chumba kirefu nyuma ya wodi ya wazazi, chenye mashine mbili kubwa zilizonguruma kutwa kama zinagombana, na meza ya kupigia pasi iliyovikwa blanketi kuukuu. Mashuka yaliingia kwa toroli yakiwa yamejikunja na madoa yake, yakatoka yamenyooka kama karatasi mpya. Yeye alikaa upande wa kutoka. Mvuke ulikuwa umemlainisha uso hata watu wakamdhania mdogo kuliko alivyo, na ulikuwa umemfundisha tabia moja ambayo wenzake waliicheka: kuota macho wazi. Mkono unakwenda, pasi inakwenda, kona kwa kona, upindo kwa upindo, na mwenyewe hayupo.

"Mama Mashuka, uko?" wangemwita.

"Nipo, nipo."

"Uko wapi?"

"Mbali kidogo. Narudi."

Alikokuwa anakwenda, hasa, hakujua kukueleza. Dirisha la chumba kile lilitazama mto, mto mpana, mvivu, wa rangi ya chai ya maziwa, uliopita kando ya mji kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Na ng'ambo ya mto, siku ambazo hewa ilikuwa safi, ulionekana ukingo wa nchi ya juu: mstari wa buluu, umenyooka, umelala chini ya mbingu. Miaka yote hiyo hakuwahi kufika huko. Alikwenda kwa macho tu, akapiga pasi kwa mikono.

Nyumbani aliishi na wifi yake. Marehemu mumewe alikuwa kaka mtu, na alipofariki watu walitegemea wale wanawake wawili wagawane vyombo, kila mmoja ashike njia yake. Hawakugawana hata kijiko. Binti wa Mama Mashuka alikuwa ameolewa mbali, wifi mtu aliachika ujanani bila mtoto, basi wakabaki na vyumba viwili na korido, jiko moja, redio moja, na ugomvi wa kila siku ambao ndio ulikuwa starehe yao.

Wifi alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kutwa alizunguka mji kwa baiskeli, akiingia vichochoroni na nyuma ya majumba, akifunua vifuniko vya chuma na kuinama kusoma namba. Mji mzima ukamwita Mita. Na kwa kuwa alikuwa mfupi, kulikuwa na waliosema kwamba hata hiyo mita yenyewe haitimii. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu wa mita tatu.

Ndiye aliyemfundisha Mama Mashuka kuendesha baiskeli, tena ukubwani, magoti yakiwa yameshaanza kulalamika. Walijifunzia uani mwa hospitali siku za Jumapili, kati ya kamba za kuanikia. Mara ya kwanza Mita alipoachia kiti bila kumwambia, Mama Mashuka alikwenda moja kwa moja, kimya, macho mbele, akazama ndani ya mashuka mabichi na kutokea upande wa pili na shuka kichwani kama bibi harusi, bado anakanyaga.

"Breki, wifi! Breki!"

"Iko wapi?" iliuliza sauti ndani ya shuka.

Mita alikaa chini kwenye saruji, hana mbavu.

Tangu siku hiyo Mama Mashuka hakushuka tena. Alikwenda kazini kwa baiskeli ya marehemu, nyeusi, nzito, yenye kerieri pana nyuma. Ya Mita ilikuwa ya idara, yenye gia, na alijivuna nayo kupita kiasi.

Jioni moja walikuwa jikoni, Mama Mashuka anachagua mchele, Mita anakata vitunguu na kulia machozi bila aibu.

"Wifi, Jumapili hii una kazi gani?"

"Kulala."

"Utalala ukifa. Tunakwenda juu."

"Juu wapi?"

Mita akaelekeza kisu upande wa dirisha, kule kwenye mstari wa buluu, ingawa giza la magharibi lilikuwa limeshaumeza.

"Na magoti haya?"

"Magoti utayaacha nyumbani. Tunafuata barabara ya bomba, ile ya korongoni. Inapanda taratibu. Nimeshaipita."

"Umeipita lini wewe?"

"Kikazi," alisema Mita haraka, akainamia vitunguu na kuanza kuimba.

Mama Mashuka alimtazama kidogo, kisha akarudia mchele wake. Moyo ulikuwa umeanza kumwenda mbio na hakutaka kuonekana kama mtoto aliyeahidiwa safari.

Waliondoka alfajiri, mji bado unajinyoosha. Kwenye kerieri ya Mama Mashuka kulikuwa na mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi na chupa ya chai iliyofungwa kwa kitambaa isigongwe. Mita alibeba pampu, viraka na gundi. Walipita mbele ya tanuri la mikate, mlango uko wazi na joto linatoka kama pumzi ya mnyama. Wakapita soko lililofungwa, ambako paka walikuwa wamekaa juu ya meza za samaki wakisubiri siku ianze. Taa za barabarani zilizimika zote mara moja. Hapo ndipo Mama Mashuka alipoona hereni.

"Mita."

"Abee."

"Hizo hereni za nini?"

"Hereni ni za masikio."

"Za dhahabu? Kwenye baiskeli? Unakwenda kusoma mita ya nani huko mlimani?"

Mita akabadilisha gia bila sababu na kwenda mbele.

Baada ya daraja lami iliisha, na barabara ya udongo ikashika ukingo wa mto. Bomba lilikwenda pamoja nao upande wa kushoto, jeusi, nene kama mwili wa tembo, likipumzika juu ya nguzo fupi za saruji. Vilima vilisogea. Kisha vilima vikawa kuta, na kuta zikakaribiana, na wale wanawake wawili wakawa ndani ya korongo kabla hata ya kujua wameingia saa ngapi.

Ule mto uliokuwa mvivu mjini hapa ulikuwa mtu mwingine. Ulikuwa mwembamba na mweupe, unasema peke yake, unajirusha juu ya mawe na kujikusanya tena. Ukungu ulikuwa umelala juu yake kama pamba. Ulipanda hadi barabarani, ukafunika magurudumu, kisha mikono, kisha Mita akatoweka kabisa, ikabaki kengele yake tu, ikilia kila baada ya muda mahali fulani mbele. Mama Mashuka aliifuata ile kengele. Hakuona ardhi. Alikanyaga, na kitu fulani kikazunguka chini yake, na mawe marefu yenye maji yanayotiririka yakatokea kulia na kupita polepole, kama watu wanaokuja kusalimia halafu wanajikumbusha kazi zao. Ikafika mahali hakujua kama yeye ndiye anayekwenda au kuta ndizo zinazorudi nyuma. Hakujali. Mvuke wa kule kazini ulikuwa na harufu ya sabuni na joto lililomchosha mtu hadi mifupani. Huu ulikuwa wa baridi, una harufu ya jiwe na majani yaliyolowa, na kila alipouvuta alihisi kifua kinafunguka chumba kingine ambacho hakujua anacho.

Palikuwa na kijito kilichokatiza barabara. Walivua viatu, wakainua sketi, wakavusha baiskeli kwa mikono. Maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kuuma. Mama Mashuka alisimama katikati zaidi ya ilivyohitajika.

"Wifi, utaota mizizi!"

"Niache kidogo."

Baada ya hapo korongo lilijibana hadi barabara ikakosa pa kupita, na waliojenga bomba walikuwa wametoboa mwamba wenyewe. Lilikuwa handaki fupi. Ulipoingia uliona tundu la mwanga upande wa pili, kijani, linalotetemeka. Ndani maji yalidondoka. Mama Mashuka alipiga kengele yake mara moja, na zikalia kengele nyingi, mbele, nyuma, juu, kana kwamba lilikuwa limeingia kundi zima la waendesha baiskeli wasioonekana. Akacheka kwa sauti, nao wakacheka.

"Wifi!" aliita.

Wifi… wifi… wifi… ukuta uliitikia, ukimkabidhi yule wifi kwa ukuta mwingine hadi akaishia mbali.

Alitegemea Mita ajibu kwa ile sauti yake ya tarumbeta. Huyu ni mtu ambaye akipita kwenye mtaro huimba ili asikie sauti yake. Lakini Mita alikuwa amesimama mwishoni mwa handaki, mguu mmoja chini, anangoja, kimya.

"Unaumwa?" Mama Mashuka alimuuliza alipomfikia.

"Hapana."

"Hujapiga kelele humu ndani. Wewe?"

"Nimechoka kidogo."

Mita achoke! Jambo lile lilimkaa Mama Mashuka.

Kupanda kwenyewe kulikuja mwisho. Barabara iliacha mto, ikaanza kujikunja kunja ubavuni mwa mlima, na wao wakashuka na kusukuma. Ya idara yenye gia ilisukumwa sawa na ile nyeusi ya marehemu, jambo ambalo Mama Mashuka hakuacha kulitaja. Mbayuwayu waliruka chini yao sasa, si juu. Ukungu ulibaki kule ulikolala, na jua likawapata migongoni. Kila kona walipumzika, na kila waliposimama walikula kitu, hata mayai yakaisha kabla ya kilele, na Mita, ambaye nyumbani hugombania yai la mwisho, alimwachia wifi yake bila neno.

Kisha hapakuwa tena na kona. Barabara ilipanda hatua chache za mwisho, ikatulia, na mbele yao hapakuwa na kitu.

Ndivyo Mama Mashuka alivyoona kwanza: hakuna kitu. Ikachukua muda macho kuzoea. Ilikuwa nyasi, fupi, ya rangi ya fedha upepo ulipoilaza na ya kijani ulipoiachia, imekwenda hadi mwisho wa macho, na mbingu imeshuka kukaa juu yake bila mlima, mti wala nyumba ya kuizuia. Vivuli vya mawingu vilitembea polepole juu ya uwanda kama ng'ombe wakubwa wasio na mchungaji. Hapa na pale kulikuwa na dimbwi dogo, na kila dimbwi lilikuwa na wingu lake. Barabara ilipita katikati, nyeupe, imenyooka.

Walipanda baiskeli. Upepo ulikuwa nyuma yao. Kwa mara ya kwanza siku ile Mama Mashuka alikwenda mbele, na hakuwa akikanyaga. Upepo ulimsukuma mgongoni kama mkono wa mtu anayemfahamu. Alikumbuka kwamba yumo ndani ya ule mstari. Kuna mtu, pengine, wakati ule ule, amesimama kwenye dirisha la chumba cha kufulia na kuutazama, na yeye yumo, kidoa kidogo kinachosogea. Akafumba macho. Aliona wekundu wa jua ndani ya kope na akasikia matairi yakinong'ona juu ya udongo mkavu. Alikuwa mwepesi. Alikuwa shuka lililotoka kwenye kamba.

"Wifi, fumbua macho!" Mita alipiga kelele nyuma. "Tumefika!"

"Tumefika wapi?"

Kulikuwa na nyumba, kumbe. Nyumba fupi ya mawe, bati lake limepakwa rangi nyekundu, na mbele yake uzio mweupe uliozunguka kiwanja kidogo chenye vitu vya ajabu: kisanduku cheupe chenye miguu mirefu, mlingoti wenye vikombe vinne vilivyozunguka kwa upepo bila kuchoka, na kopo refu la shaba lililosimama wima kama mgeni asiyekaribishwa kuketi. Mita alieleza kwa sauti ndogo kwamba ni kituo cha kupima mvua. Kila asubuhi kuna mtu anatoka kusoma kopo lile, ili idara ijue maji mangapi yatashuka mjini.

Mtu mwenyewe alitokea mlangoni. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani kwa kuzoea milango mifupi, nywele zimeanza mvi, na amevaa suruali ya kutokea. Mama Mashuka aliiona ile suruali kabla ya uso. Mguu wa kulia ulikuwa na mikunjo miwili ya pasi, sambamba, kama reli.

"Karibuni, karibuni sana," alisema, na mikono yake haikujua iende wapi. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," alijibu Mama Mashuka kwa mazoea. Kisha neno likamfikia. "Shemeji wa nani?"

Mpima mvua alimtazama Mita. Mita alikuwa ameinama, anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Hujamwambia?"

"Nilikuwa nangoja tufike."

"Basi," alisema yule bwana kwa upole, "mmefika."

Mama Mashuka aliomba maji ya kunywa. Alipewa kikombe, akanywa hadi mwisho, akashukuru, akakirudisha. Halafu akasema anakwenda kunyoosha miguu, na akaenda, mgongo umenyooka, hadi nyumba ilipokuwa ndogo nyuma yake.

Alifika mahali ambapo nyasi ilikuwa laini na nyevu. Pale chini kulikuwa na maji, si mengi, mapana kama beseni la kufulia, yanabubujika polepole kutoka ardhini na kuchuruzika nje kwa njia moja nyembamba. Huku ndiko mto ulikotoka. Alikaa kando yake. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe haikupata pa kushika pale. Hapakuwa na mlango wa kubamiza wala sufuria ya kuiweka kwa kishindo. Akalala chali. Mbingu ilikuwa karibu mno. Aliona vyumba vyao viwili na korido, akavitazama kutoka juu, paa limeondolewa: redio inasema peke yake jikoni, kikombe kimoja mezani, na yeye mwenyewe anapita kutoka chumba hadi chumba kutafuta wa kugombana naye. Marehemu mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anakula ndizi. "Mwenzio yuko wapi?" alimuuliza. Alitaka kumjibu, lakini mawingu yalikuwa yanaingia mlangoni, moja baada ya jingine, makubwa, meupe, na ilibidi ayakunje yote.

Alipofumbua macho Mita alikuwa kando yake, anang'oa nyasi.

"Umekasirika."

"Nimelala."

"Ulikuwa unakoroma kwa hasira."

Mama Mashuka akainuka kitako, akakung'uta nyasi mgongoni. Upepo ulipita na kuondoka.

"Tangu lini?" aliuliza Mama Mashuka.

"Tangu mvua zile zilizovunja bomba. Walinituma huku na mafundi kuangalia mita ya chanzo. Akatupa chai. Wenzangu wakanywa wakaondoka. Mimi nikasahau kofia."

"Ukairudia."

"Nikaisahau tena."

Mama Mashuka aliuma midomo. Hakutaka kuonyesha jino hata moja.

"Na mimi nimekuwa mtu wa kufichwa, Mita? Mimi na wewe?"

Mita aliitupa nyasi aliyoing'oa, akang'oa nyingine. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, sauti ambayo Mama Mashuka aliwahi kuisikia siku ya msiba tu.

"Niliogopa. Nilijua nikikuambia pale jikoni utasema nenda. Utasema vizuri kabisa, kwa ile sauti yako ya kupanga mashuka, na mimi nisijue ndani yake kuna nini. Nikataka uone kwanza. Mahali penyewe, na mtu mwenyewe. Sijamjibu, wifi. Amenitaka nimjibu, nikamwambia nina mtu wangu wa kumuuliza, na mtu huyo atakuja kwa baiskeli, kwa hiyo awe na subira."

"Na nikisema hapana?"

Mita alifikiri. Alifikiri kweli, uso umekunjamana, hereni zake zikimetameta juani.

"Nitalia siku mbili tatu. Kisha tutarudi kugombania redio."

Mama Mashuka alimtazama yule mwanamke mfupi aliyekaa kwenye nyasi na miguu imenyooshwa mbele kama mtoto, vumbi la korongo limemshika hadi magotini, na akajua kwamba anasema kweli. Angebaki. Angebaki bila kumlaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililomkata maini.

"Inuka," alisema. "Nikaione hiyo nyumba."

Akaikagua kama mkaguzi wa afya. Alifunua vyungu, akanusa mtungi, akapitisha kidole juu ya kabati. Mpima mvua alimfuata kwa nyuma, ameinama chini ya kila mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kwa bidii kubwa na ujuzi haba. Mama Mashuka alishindwa kujizuia, akavuta upindo mmoja ukakaa sawa.

"Wifi yangu ana kelele," alisema, mgongo umemgeukia. "Anaimba akipika, anaimba akifua, akilala anasema."

"Huku kuna upepo tu, shemeji. Upepo hauna maneno."

"Hapiki vizuri."

"Mimi napika."

"Hana simile. Akishika jambo haliachi."

"Hilo nimeliona," alisema yule bwana, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, tabasamu la polepole lililoanzia upande mmoja wa mdomo na kuchukua muda kufika upande wa pili.

Nyuma ya mlango wa kuingilia kulikuwa na misumari ya kutundikia nguo. Miwili ilikuwa juu sana, karibu na fremu, na koti lake la mvua limening'inia. Chini, kwa kimo cha kifua cha Mama Mashuka, palikuwa na msumari wa tatu, mpya, bado unang'aa, hauna kitu. Juu yake kidogo kulikuwa na matundu mawili ukutani, pale alipoujaribu kwanza akaona bado ni juu mno.

Mama Mashuka aliugusa ule msumari kwa kidole.

"Huu umeupigilia lini?"

Mpima mvua aliona haya. "Juzi. Kofia yake ilikuwa inakaa kwenye kiti."

Wakanywa chai nje, migongo ukutani, nyuso zimeelekea uwandani. Mama Mashuka alimaliza kikombe chake ndipo akazungumza, na alizungumza kama mtu mzima wa ukoo, kwa kuwa upande ule hakubaki mwingine.

"Sikiliza, mpima mvua. Posa ije nyumbani, kwa heshima, na mtu mzima atangulie. Wifi yangu hakuokotwa barabarani."

"Atakuja dada yangu mkubwa."

"Aje Jumamosi, Jumapili nalala. La pili, hiyo suruali inaniumiza macho. Pasi nitakufundisha mwenyewe."

Mita aliangua kilio na kicheko pamoja, chai ikammwagikia, na sauti yake ikaenda juu ya nyasi hadi kule ambako hakuna wa kuisikia. Mpima mvua alikwenda ndani kutafuta kitambaa na akakaa huko kupita ilivyohitajika kwa kitambaa.

Walishuka jua likiwa limeanza kuinama, wasije wakakutwa na giza korongoni. Kwenye zile kona walikwenda kwa breki tu, breki zikilia kama mbuzi. Huko chini ukungu ulikuwa umeshaondoka na mto ulionekana wote, kijani kwenye vina, na mwanga wa dhahabu ulikuwa umeshika nusu ya juu ya kuta huku nusu ya chini ikiwa ya buluu. Hapakuwa na haja ya kukanyaga. Mita alikuwa mbele, na amerudiwa na sauti yake. Aliimba wimbo mmoja mwanzo hadi mwisho na kuuanza tena. Mama Mashuka alimtazama mgongo. Ulifunikwa na kivuli, ukatokea kwenye mwanga, ukafunikwa tena. Kwenye handaki aliacha machozi yatoke, kwa kuwa giza ni giza, na alipotokea upande wa pili upepo ulikuwa umeshayakausha nusu.

"Mbona kimya, wifi?"

"Ukungu umeniingia machoni."

"Hakuna ukungu."

"Basi ni upepo."

Mita alipunguza mwendo hadi wakawa sambamba. Barabara haikuwa na upana wa baiskeli mbili, lakini walikwenda hivyo hivyo, magoti yakikaribia kugusana, hadi taa za mji zilipoanza kuonekana moja moja chini ya vilima.

Dada mkubwa alikuja Jumamosi, mrefu kama kaka yake, akagonga kichwa kwenye mlango wa korido, na mambo yakaenda vizuri. Walioana wakati wa kiangazi. Idara ya maji ilimhamisha Mita kule juu kuangalia chanzo na bomba, kwa sababu haikuwahi kumpata mtu mwingine wa kukubali kuishi huko. Ile baiskeli ya gia aliondoka nayo.

Miezi ya mwanzo Mama Mashuka hakuipenda nyumba. Alipika sufuria ya watu wawili na kutupa nusu. Aliwasha redio akaizima, kwa kuwa kusikiliza redio ambayo hakuna anayetaka kuibadilisha hakukuwa na ladha. Kisha siku moja, bila kujua kwa nini, alihamishia kitanda chake kwenye chumba cha Mita, chenye dirisha kubwa, akakigeuza kingine kuwa mahali pa kupigia pasi nguo za majirani, na majirani wakaja, wakakaa, wakapiga soga, na ugomvi ukapatikana.

Juu alikwenda, Jumapili moja moja, magoti yakiruhusu. Mpima mvua alijifunza mkunjo mmoja kwa kila mguu. Lakini si kila mara alifika. Kuna siku ukungu ulikuwa mzito na mzuri kupita kiasi, na Mama Mashuka akakanyaga hadi kwenye kile kijito kinachokatiza barabara, akavua viatu, akakaa juu ya jiwe na miguu ndani ya maji, akamenya yai. Saa ikapita, labda mbili. Mawe yalitokea na kupotea. Hakumwaza mtu. Halafu akavaa viatu miguu ikiwa bado imelowa, akageuza ile baiskeli nyeusi, na kurudi mjini polepole, na yeyote aliyemuuliza alikuwa wapi alimjibu kwamba alikwenda safari, safari nzuri sana, na hakueleza zaidi.